MKANDA ULIOCHAKAA: Je, Aliyefika Salama Hana Hatia?



Kuna swali moja ambalo watu wa motokaa huliona dogo, wala hawalihesabu kuwa ni jambo la dhamiri. Swali lenyewe ni hili: Mtu akijua ya kuwa mkanda wa injini yake umechakaa, naye akapakia abiria akaenda, kisha akafika salama, je, amefanya kosa? Wengi watajibu upesi, "Kosa gani? Si amefika?" Sisi twaona kwamba jibu hilo la upesi lina hatari kubwa kuliko mkanda wenyewe, na kwa hiyo twataka kulitazama pole pole.

Tuweke mfano. Madereva wawili wakaa Buhemba, katika nchi yetu ya Mara. Wote wawili huchukua abiria na mizigo kwenda Butiama, na Musoma, na Bunda. Asubuhi moja fundi aliwafungulia boneti, akamwonyesha kila mmoja mkanda wake: umepasukapasuka upande wa ndani, na nyuzi zaonekana ukingoni. Akawaambia, "Badilisheni." Wote wawili wakajibu, "Bado kidogo, tutabadilisha mwisho wa mwezi." Yule wa kwanza akaenda na kurudi mwezi mzima, kisha akabadilisha mkanda, wala hakuna aliyejua neno lo lote. Yule wa pili akaitwa usiku ampeleke mama mwenye uchungu wa kuzaa katika hospitali ya rufaa iliyoko Kwangwa, Musoma. Njiani mkanda ukakatika, injini ikachemka, gari likasimama gizani. Na kabla msaada haujaja mtoto akafa. Mfano huu tumeutunga sisi, lakini hakuna hata mmoja wenu atakayesema kwamba jambo hili haliwezi kutokea.

Watu wote watamlaumu dereva wa pili. Watanong'ona atakapopita, na huenda yeye mwenyewe hatalala usingizi mwema mwaka mzima. Lakini yule wa kwanza hulala vizuri. Husalimiwa sokoni kama mtu mwaminifu. Na hali wote wawili waliona mkanda ule ule, walisikia onyo lile lile, wakajibu maneno yale yale. Tofauti yao ni nini, ila kwamba mkanda mmoja ulikatika na mwingine haukukatika? Na mkanda ni mpira na nyuzi tu. Haujui mwema wala mbaya. Basi, je, mpira na nyuzi ndivyo vitakavyotuamulia nani ana hatia na nani hana?

Kabla ya kujibu yafaa tuujue mkanda wenyewe, kwa maana wako ndugu wengi wanaopanda motokaa kila juma wasijue kuna nini chini ya boneti.

Injini ikiwaka, nguvu yake huzungusha gurudumu dogo lililoko mbele yake, ambalo mafundi huliita puli. Mkanda hupita juu ya puli hiyo, ukazunguka na kuzungusha puli nyingine: ya alteneta inayotia betri nguvu ya umeme, mara nyingi ya pampu ya maji yanayopoza injini, na katika magari mengi ya leo, ya pampu inayorahisisha usukani, na ya kile chombo cha kuleta hewa baridi. Mkanda mmoja hufanya kazi ya watumishi wanne. Ukikatika, wote wanne hukoma kwa mara moja. Taa ya betri huwaka mbele ya dereva, usukani huwa mzito, maji hayazunguki, na baada ya dakika chache injini huchemka. Dereva asiposimama mara hiyo, gasketi huungua, hata silinda hedi hupinda, na gharama yake hupita bei ya mikanda mingi.

Zamani mashine zilizungushwa kwa mikanda ya ngozi au kamba za katani. Katika mwaka 1917 John Gates, mtu wa Denver katika Marekani, alitengeneza mkanda wa mpira wenye umbo la herufi V, ambao hujibana katika mfereji wa puli, wala hauponyoki upesi. Tangu hapo umeenea ulimwengu wote. Magari ya siku hizi hutumia zaidi mkanda mpana wenye mistari upande wa ndani, unaopinda kama nyoka kati ya puli nyingi. Tena iko injini yenye mkanda mwingine uliofichwa ndani ya kifuniko, wenye meno, ambao hupatanisha mwendo wa pistoni na wa valvu. Huo ukikatika katika injini za namna fulani, pistoni na valvu hugongana, na injini huharibika papo hapo. Kwa sababu hiyo watengenezaji huandika kitabuni ubadilishwe baada ya mwendo gani. Katika motokaa nyingi za Kijapani ni kilometa 100,000.

Wala si motokaa peke yake. Watu wa Buhemba waijua mikanda hata asiyepanda gari. Mahali pale ni pa dhahabu. Palikuwa na mgodi mkubwa wakati wa utawala wa Waingereza, na tena mwanzoni mwa miaka ya 2000. Na wachimbaji wadogo wangali wakitafuta riziki yao katika mawe yale. Mawe husagwa kwa karasha, yaani pipa la chuma lenye gololi za chuma ndani yake, nalo huzungushwa na injini ya dizeli au mota ya umeme kwa njia ya mkanda. Hapo mkanda hauna boneti ya kuufunika. Ukikatika katika mwendo, ncha yake huruka kama mjeledi. Na mtu aliyesimama karibu, au mama aliyevaa khanga yenye ncha inayoning'inia, yumo hatarini. Basi neno tunalolisema juu ya dereva lamhusu mwenye karasha vile vile.

Sasa tutazame jinsi mkanda unavyochakaa, kwa sababu hukumu yetu yote yategemea jambo hili: je, mtu aweza kujua mapema? Twajibu, mara nyingi aweza. Mpira hukauka kwa joto la injini, ukapata nyufa ndogo. Vumbi la barabara zetu na mchanga wa machimbo huusugua kama tupa. Mafuta yakivuja juu yake huulainisha na kuufanya uvimbe. Ukilegea huteleza juu ya puli, ukang'aa kama kioo, na asubuhi, hasa siku ya mvua, hulia kwa sauti kali inayosikika hata nyumba ya tatu. Wakati mwingine hutoa harufu ya mpira unaoungua. Hayo yote ni maneno ya mkanda: unasema nimechoka.

Lakini hapa pana mambo mawili ambayo yatupasa kuyaangalia sana.

La kwanza ni desturi ya kuunyamazisha mkanda. Wako madereva, hata na mafundi, ambao mkanda ukilia huupaka sabuni ya kipande, au huumwagia maji, au huupuliza dawa ya kopo. Sauti hukoma, na abiria huona gari ni zima. Walakini mkanda haukupona. Umenyimwa kinywa tu. Mwenye kufanya hivyo hawezi tena kusema hakujua. Kama asingalijua, angalipaka sabuni kwa sababu gani? Sabuni ile ni shahidi wake. Na dhamiri ya mtu nayo hunyamazishwa hivyo hivyo. Siku ya kwanza husema kwa nguvu, mwenyewe akaipaka neno laini, "bado kidogo," na siku ya kumi haisemi tena.

La pili ni hili: mikanda ya siku hizi haionyeshi uchakavu wake kama ya zamani. Watengenezaji wengi wamebadili aina ya mpira, na huu mpya haupasuki upesi. Huisha kama soli ya kiatu, pole pole, mistari yake ikizidi kuwa na mifereji mipana, na kwa macho waonekana mzima. Yafaa upimwe kwa kipimo chake, au uhesabiwe kwa kilometa ulizokwenda. Basi anayesema, "Sioni ufa, kwa hiyo uko salama," hutumia sheria ya mkanda wa babu yake kuuhukumu mkanda wa leo. Maarifa yakiongezeka, wajibu nao huongezeka. Haitoshi mtu kusema kwamba hakuona, ikiwa hakutazama mahali palipofaa kutazamwa.

Sasa turudi kwa madereva wetu wawili.

Katika lugha yetu kuna msemo utamkwao kila mahali palipoharibika jambo: "Ajali haina kinga." Twausikia kwenye matanga, twausikia kituoni, twausikia hata kinywani mwa watu wazima wenye busara. Msemo huu una ukweli wake, nao umewafariji wengi waliofiwa. Kweli yako mambo yasiyozuilika. Mti huanguka juu ya njia usiku. Tairi jipya hupasuka kwa msumari. Wala sisi hatutaki kuwanyang'anya watu faraja hiyo. Lakini msemo uliofanywa uwe blanketi la mfiwa umegeuka kuwa kichaka cha mkosaji. Mkanda uliotangaza kuchoka kwake kwa mwezi mzima, na bei yake ikijulikana, na duka lake likijulikana, ukikatika hapo si ajali isiyo na kinga. Kinga ilikuwako, imetundikwa ukutani dukani.

Tena wahenga hao hao walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hiyo hawakufundisha uvivu. Walijua kutofautisha kati ya ufa na tetemeko la nchi.

Sheria ya Musa nayo hutofautisha waziwazi. Someni Kutoka, mlango wa 21, habari za ng'ombe mwenye pembe kali. Kama ng'ombe amemwua mtu, na zamani hakuwa na mazoea ya kupiga pembe, mwenye ng'ombe hahukumiwi kwa mauti ile. Lakini kama ng'ombe alikuwa na mazoea hayo, na mwenyewe ameonywa, wala hakumfunga, hapo damu ni juu ya mwenyewe. Ng'ombe ni yule yule, na pembe ni zile zile. Kinachobadili hukumu ni lile onyo. Sisi watu wa Mara twafuga ng'ombe, tena twaelewa. Mkanda uliopasuka ni ng'ombe ambaye habari zake zimekwisha kuletwa kwa mwenyewe. Na katika Kumbukumbu la Torati, mlango wa 22, mtu ajengaye nyumba mpya aliamriwa kuzungushia ukuta mdogo juu ya dari yake, ili mtu asianguke. Amri hiyo haikungoja kwanza mtu aanguke. Asiyejenga ukuta ule aliivunja amri hata kama hakuanguka mtu maisha yake yote.

Hapa ndipo lilipo jibu letu. Dereva wa kwanza alivunja amri ile ile aliyoivunja wa pili. Aliweka uhai wa watu wengine juu ya meza, kama mtu achezaye kamari, bila kuwauliza wenyewe. Alishinda kamari, lakini mtu achezaye kamari kwa fedha ya jirani yake si mwaminifu hata akishinda. Kufika salama kwathibitisha kwamba mkanda ulivumilia. Hakuthibitishi kwamba dereva alikuwa mwema.

Neno hili si geni. Katika mwaka 1877 mwalimu mmoja wa Uingereza, William Clifford, aliandika habari za mwenye meli aliyetaka kupeleka watu ng'ambo ya bahari. Alijua meli yake ni kuukuu, nayo ilihitaji matengenezo. Mashaka yakamwingia, lakini akayafukuza: meli imekwisha kusafiri mara nyingi, Mungu hataacha kuzilinda jamaa hizo zote. Akajipatia moyo mkunjufu, meli ikaenda, ikazama, naye akapokea fedha ya bima. Clifford alisema mtu huyo ana hatia kweli, hata kama aliamini kwa moyo wote, kwa sababu hakuipata imani yake kwa kuchunguza bali kwa kuyazima mashaka. Kisha akauliza: na kama meli ingalifika salama? Akajibu kwamba hatia isingalipungua hata kidogo; mtu huyo angalikuwa hajagunduliwa tu. Sisi twatia mkazo juu ya jambo moja: mwenye meli yule alitumia jina la Mungu kama dereva wetu anavyotumia sabuni.

Lakini wako watakaotupinga, nao wastahili kusikilizwa. Watasema: "Mchungaji, mwasema maneno ya vitabuni. Watu wote ulimwenguni hupima kwa matokeo. Aliyeua hufungwa, asiyeua hutozwa faini au huonywa. Mama aliyepoteza mtoto hawezi kuambiwa kwamba madereva wale wawili ni sawa." Neno hili ni zito, na wenye elimu nao wamelisumbukia. Katika mwaka 1976 Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani walijadiliana juu yake, na Nagel alitoa mfano wa dereva wa lori ambaye hakupeleka breki zake zikaguliwe. Mtoto akitokea barabarani, dereva huyo hujilaumu mno, na asipotokea mtoto hujilaumu kidogo tu, hali uzembe ni ule ule. Waliona kwamba mioyo ya watu hupima hivyo, wala si rahisi kuibadili.

Sisi twajibu hivi. Yapasa kutenga mambo mawili ambayo watu huyachanganya: hatia na deni. Hatia ni ile hali ya moyo na nia, ya kujua na kutotenda. Deni ni yale ambayo mtu amewapasa kuwatendea wengine kwa sababu ya madhara yaliyowapata. Kwa habari ya deni, madereva wale si sawa kabisa. Wa pili ana deni kubwa kwa mama yule na jamaa yake: aende kwao, aketi nao matangani, aseme ukweli asijifiche nyuma ya neno ajali, asaidie kwa mali yake. Pengine deni hilo atalibeba mpaka uzee. Wa kwanza hana deni hilo, maana hakuna aliyeumia. Lakini kwa habari ya hatia, wako sawasawa. Mbele ya mahakama ya watu, ambayo huona matokeo tu, mmoja ataitwa na mwingine hataitwa. Mbele za Yeye aonaye moyo, wote wawili huitwa siku moja.

Mtu akishika tofauti hii, mambo mawili humfuata. Hatamdharau mno yule aliyepatwa, kana kwamba yeye ni mtu wa namna nyingine. Wengi wetu tu ndugu zake yule dereva. Mikanda yetu haikukatika tu. Tena hataihesabu safari yake njema kuwa ni cheti cha wema.

Tuseme neno hapa juu ya shukrani. Ni desturi njema Jumapili kumshukuru Mungu kwa safari. Lakini kama mtu asimama kanisani kushukuru kwamba amefika kutoka Bunda, naye ajua kwamba Jumatatu atarudi na mkanda ule ule uliopasuka, shukrani yake ni ya namna gani? Aliyeponyoka amepewa siku nyingine ya kununua mkanda. Shukrani iliyo kweli hupita dukani.

Sasa tufike penye ugumu wenyewe, yaani umaskini. Dereva wa Buhemba mara nyingi si mwenye gari. Yuko tajiri mwenye gari, naye hudai hesabu yake kila jioni, barabara ikiwa mbaya au njema, abiria wakiwako au wasiwako. Dereva akisema, "Mkanda umechakaa," tajiri hujibu, "Peleka hivyo hivyo." Akikataa, kuna vijana kumi wanaongoja ufunguo. Je, tutamhukumu mtu huyu sawa na tajiri aliyejaa? La hasha. Mzigo wa hatia hufuata uwezo wa kutenda. Aliye na fedha ya mkanda na neno la mwisho, ndiye mwenye sehemu kubwa. Tajiri aliyeonywa na kukataa ndiye yule mwenye ng'ombe, hata kama yeye analala Musoma au Mwanza, wala hajapata kuliona vumbi la Buhemba kwa macho.

Lakini dereva naye hakubaki mikono mitupu. Kama hawezi kununua, aweza kusema. Aweza kumwambia abiria ukweli kabla hajapanda. Aweza kukataa safari ya usiku na mgonjwa, akampigia simu mwenzake mwenye gari zima. Aweza kuweka akiba kidogo kidogo. Aweza kushauriana na madereva wenzake wasimame pamoja mbele ya tajiri, maana tajiri aweza kumfukuza mmoja, hawezi kuwafukuza wote. Umaskini wampunguzia mtu mambo awezayo, na kwa hiyo wampunguzia lawama. Lakini haumwondolei wajibu wa ukweli, kwa sababu ukweli hauna bei.

Tena kuna dharura. Mkanda umekatika porini, na mtu akafunga kipande cha mpira wa tairi la ndani kuzunguka puli, apate kujikokota mpaka kijiji kilicho karibu. Huyu hatumlaumu, twamsifu kwa akili yake. Ila kipande kile kikikaa hapo mwezi mzima, si dharura tena, ni mazoea.

Fundi naye ana sehemu yake. Yeye ndiye jicho la mwenye gari, kwa kuwa wengi hawajui lililo chini ya boneti. Fundi aonaye mkanda umechoka akanyamaza, ili gari lirudi kwake limeharibika zaidi, ameuza jicho lake. Fundi afungaye mkanda mkuukuu uliosafishwa kwa petroli akaudai bei ya mpya, huyo ni mwizi, na huenda ni zaidi ya mwizi. Na muuzaji auzaye mkanda wa bandia katika boksi la kampuni mashuhuri hawezi kusema kwamba yeye hajapata kumdhuru mtu, kwa sababu hajui mkanda wake unakatikia wapi. Martin Luther katika Katekisimo yake Ndogo ya mwaka 1529 alieleza kwamba amri ya tano haituzuii tu tusimdhuru jirani mwilini, bali yatudai tumsaidie katika mahitaji yote ya mwili wake. Walimu wa dini huwafundisha watoto maneno hayo kila mwaka. Ni vema watoto wajue kwamba yanafika hata gereji.

Na abiria je? Sisi nasi tunaopanda tuna neno la kujibu. Twamhimiza dereva kwa kelele, twamcheka asimamaye kutazama injini, twakimbilia gari la bei ndogo bila kuuliza kwa nini bei yake ni ndogo. Kisha jambo likiharibika twalia kama watu tusiokuwako.

Lakini tusipite kiasi upande wa pili. Yuko mtu ambaye hutafuta hatia mahali isipokuwapo. Motokaa ya jirani ikikatika mkanda, naye mara husema, "Uzembe!" Huenda jirani yule alibadilisha mkanda juma lililopita, akauziwa mbovu bila kujua. Huenda beringi ya puli ilikwama ghafula ikaukata mkanda mzima. Huyu hana hatia. Ni yule mwenye ng'ombe mpole aliyepiga pembe siku moja tu. Kumwongezea lawama juu ya hasara ni ukatili. Ulizeni kwanza: alijua? Aliweza kujua? Aliweza kutenda? Mkipata jibu la maswali hayo matatu, ndipo mseme, au mnyamaze.

Wala hofu isiyo na kiasi si uaminifu. Mkanda wenyewe watufundisha. Ukilegezwa huteleza, ukikazwa mno, haukatiki yeye tu, bali huziua beringi za alteneta na za pampu ya maji. Kadhalika mtu asiyetoka nyumbani kwa kuogopa kila sauti ya injini hawafai watu, na mgonjwa atakufa akimngoja. Twatakiwa tutazame, tutengeneze, tuende.

Kwa hiyo, kwa ajili ya ndugu wenye motokaa na wenye mashine za kusaga, twaandika kwa ufupi jinsi kazi hii inavyofanywa kwa uaminifu. Injini izimwe, ipoe, na ufunguo uondolewe. Katika karasha izimwe injini kabisa, na mtu mmoja asimame penye swichi asije mwingine akaiwasha. Kabla mkanda wa zamani haujatolewa, njia yake kati ya puli ichorwe katika karatasi, maana ukiurudisha kinyume, pampu huzunguka upande usio wake. Ilegezwe tenshena, au bolti ya alteneta, mkanda utoke bila kufanyiwa nguvu kwa bisibisi. Kisha, na hapa ndipo wengi huharakisha, kila puli izungushwe kwa mkono na kusikilizwa. Ikikwaruza au kuchezacheza, hiyo ndiyo iliyoula mkanda wa kwanza, nayo itaula wa pili. Itazamwe kama kuna mafuta yanayovuja, yazibwe kwanza. Mkanda mpya ulinganishwe na wa zamani kwa urefu, kwa upana, na kwa hesabu ya mistari. Ukiisha kukaa vizuri katika mifereji yote ukazwe kwa kiasi. Kwa mkanda wa umbo la V usio na tenshena ya kujikaza, kidole gumba kikiubonyeza katikati ya nafasi iliyo ndefu, ushuke kadiri ya sentimeta moja. Iwashwe injini, isikilizwe; na baada ya siku chache za mwendo utazamwe tena, maana mkanda mpya hunyoka kidogo. Ule wa zamani usitupwe vichakani. Waweza kukaa garini kama msaada wa dharura, mradi hakuna fundi atakayeuuza tena.

Ni kazi ya muda wa saa moja au mbili, na fedha yake si nyingi ukiipima na thamani ya injini, sembuse roho za watu.

Tukirudi kwa dereva wa kwanza, yule aliyefika salama, twamwambia hivi kwa upendo, kwa maana huenda anausoma ukurasa huu. Ndugu, hakuna mtu atakayekuja kukushtaki. Mkanda wako umekwisha kubadilishwa, na habari zako hazijulikani. Lakini wewe wajua. Usijihesabu mwema kwa sababu ya mwezi ule. Mtembelee mwenzako aliyepatwa, usimkwepe njiani kama wengine wanavyomkwepa, kwa kuwa wajua jinsi ulivyo karibu naye. Na siku kijana wako wa gari atakapokuambia, "Mzee, mkanda huu umechoka," usimjibu kama ulivyomjibu fundi.

Nanyi walimu wa mitaa, katika mikutano yenu ya wazee na vijana, lizungumzeni swali hili la madereva wawili. Waacheni watu wabishane. Wengi watasimama upande wa aliyefika. Waulizeni basi, kama mama yule angalikuwa dada yenu, na kama mngalikuwa mmeuona mkanda ule asubuhi, mngalimruhusu apande gari la yupi kati ya wale wawili?